Video za askari akipiga raia tunaziua wenyewe kabla hazijafika popote (uzoefu wa fundi simu, Dodoma)

Fundi wa Majengo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo jirani na soko la Majengo hapa Dodoma mjini, huu ni mwaka wa 11. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa nne, na kila nikiona video mpya inazunguka linanirudia. Leo naliandika lote. Ni refu, nivumilieni.

Siku hiyo alikuja mama mmoja muuza karanga na ubuyu. Alikaa kwenye benchi la wateja karibu saa nzima. Kila nikimuuliza, "Mama, nikusaidie nini?" ananijibu, "Hudumia hao kwanza mwanangu." Watu walipoisha akafungua pindo la kanga, akatoa Tecno iliyopasuka kioo kona ya juu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Nilirekodi kitu jana, afande akanisimamia mpaka nikakifuta. Kinaweza kurudi?"

Jioni iliyotangulia, kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda, askari wawili walikuwa wamemsimamisha kijana wakibishana naye juu ya leseni. Kijiwe sikitaji, na kituo sikitaji, kwa sababu mama na kijana wote bado wanaishi mitaa hiyo hiyo. Mama alikuwa kwenye sinia lake hatua chache tu kutoka pale. Aliiegemeza simu kwenye ndoo ya ubuyu, akaendelea kufunga karanga kwenye vikaratasi kana kwamba hakuna kitu.

Nikaingia kwenye galari, nikashuka mpaka kwenye folda ya vilivyofutwa. Ipo. Dakika 1 na sekunde 12.

Naomba niwaeleze nilichokiona kwa utaratibu wake, maana utaratibu ndio hoja yangu yote. Mwanzo kabisa kijana ameshazima pikipiki, ametoa funguo, amemkabidhi askari. Halafu ameweka mikono yote miwili kichwani. Anasema neno, halisikiki vizuri, upepo wetu wa hapa unaujua, ulikuwa unapiga kwenye maiki. Sekunde ya 31 rungu la kwanza linashuka. Anainua mkono wa kushoto kujikinga, la pili linatua kwenye mkono. Ule mkono ulivyoshuka haukushuka kama mkono mzima.

Sasa hapa ndipo moyo uliponiuma. Kabla ya kuamriwa kufuta, mama alikuwa ameshamtumia mtoto wa dada yake WhatsApp. Mpwa huyo naye akaitupa kwenye kundi la mtaa. Asubuhi yake ilikuwa imefika mji mzima, lakini haikuwa ile tena. Ilikuwa sekunde 24, inaanzia kwenye rungu, juu yake imewekwa singeli, na maandishi: "MWIZI WA PIKIPIKI KAPATIKANA." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipata saa moja asubuhi kwenye kundi la mafundi. Niliitazama, nikaamini ni mwizi, nikaendelea kunywa chai.

Ndugu wa kijana aliyepigwa walikwenda kituoni kulalamika wakiwa na hiyo ya sekunde 24. Wakaulizwa: hii inaanzia katikati, kabla ya hapo alifanya nini? Nani alipiga? Lini? Mbona imeandikwa mwizi? Wakarudi nyumbani hawana jibu hata moja. Na ukweli ni kwamba maswali yale, hata kama aliyeyauliza alikuwa anamlinda mwenzake, hakimu angeyauliza vilevile.

Kwa hiyo ninachotaka kusema ni hiki. Tunaogopa sana askari atapokonya simu, afute. Hilo lipo. Lakini video nyingi zinazopita mikononi mwangu hazikuuawa na askari. Tumeziua sisi, kwa kukata, kuweka muziki, kuandika maneno juu yake, na kuisukuma kwenye makundi mpaka hakuna anayejua ilitoka kwa nani. Ikishafika hapo ni burudani tu.

Angalieni jina la faili. Video iliyotoka kwenye kamera ya simu kwa kawaida jina lake lina tarehe na saa mpaka sekunde. Ikishapita WhatsApp inakuwa VID, tarehe, halafu WA na namba. Hizo herufi WA ukiziona, ujue unayo nakala, na WhatsApp imeibana, imepunguza ubora, na imeondoa taarifa za ndani za faili: muda halisi, aina ya simu, na mahali kama lokesheni ilikuwa imewashwa. Ukitaka kumtumia mtu unayemwamini faili likiwa zima, usilitume kama video. Tuma kama dokumenti. Ni hatua mbili tu za ziada na tofauti yake ni usiku na mchana.

Ukifuta kwenye simu nyingi za sasa faili halipotei hapo hapo, linakaa kwenye takataka kama siku 30. Kwa hiyo ukilazimishwa kufuta, futa, usipigane. Ondoka, usirekodi kitu kingine, usipakue kitu, mpelekee fundi unayemfahamu au fungua mwenyewe hiyo folda. Kama faili limetolewa mpaka huko kwenye takataka, kila picha mpya unayopiga inaweza kulikalia mahali pake.

Na kuhusu namna ya kurekodi, niwaambie tu ninayoyaona yanakosekana. Watu wanaanza kurekodi rungu likishashuka, anzeni mapema. Wanavuta picha karibu mpaka unaona mgongo tu, wakati namba ya askari, namba ya difenda, kibao cha duka, vyote viko pembeni. Wanapiga kelele "ua huyo" au wanatukana, na sauti hiyo hiyo ndiyo inayokuja kuchezwa mbele ya hakimu. Simama mbali, nyamaza, shika simu kwa ulalo, na mwisho geuza kamera taratibu uonyeshe mahali. Taja tarehe, saa na mtaa kwa sauti yako. Basi. Saa ya simu nayo iwe sahihi. Nimeona simu nyingi za wateja zinaonyesha mwaka 2019, hasa zikishatolewa betri.

Karibuni.

Binti wa Kondoa

Fundi, umenigusa. Mimi nilirekodi mgambo wanamwaga nyanya za mama mmoja, mmoja wao akanijia akaniambia kumrekodi mtu wa serikali ni kosa la jinai na nitalala ndani. Nilitetemeka nikafuta. Hivi ni kosa kweli?

Wakili mchanga

Dada, nijibu hapo. Hakuna kifungu kinachosema ni kosa kumrekodi askari au mgambo akiwa kazini hadharani. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya 1977 inakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kumtweza na kumdhalilisha, na haijamtoa askari.

Vipo vifungu vingine vinavyoweza kukukamata kwa pembeni. Ukimsogelea askari mpaka ukamzuia kufanya kazi, hilo ni kosa. Ukirekodi ndani ya gereza au eneo la ulinzi maalumu, hilo pia. Ukisambaza kitu cha uongo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Sasa fikirieni huyo aliyeandika "mwizi kapatikana" juu ya kijana ambaye hakuiba. Aliyerekodi kalala salama, aliyeongeza maneno ndiye aliyejiingiza.

Na fundi yuko sahihi kuliko anavyojua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaiambia mahakama ipime ushahidi wa kielektroniki kwa kuangalia uliundwaje, ulitunzwaje, ulipitishwaje, na nani aliyeuanzisha. Yaani maswali waliyoulizwa ndugu wa kijana yameandikwa kwenye sheria. Video haisimami mahakamani yenyewe, lazima awepo mtu wa kusema: mimi ndiye niliyerekodi, kwa simu hii, siku hii, na haijaguswa.

Kijana wa Bahi Road

Wakuu samahani, mnapoteza muda. Nimeona video ngapi? Askari analindwa na askari mwenzake, wewe uliyerekodi ndiye unayetafutwa. Mmesahau Novemba 2025 mtandao uliporudi baada ya uchaguzi, watu walipokea ujumbe wa polisi kwenye simu kuonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki au kudhalilisha utu wa mtu? Mimi baada ya pale nilifuta galari yote. Nina watoto.

Fundi wa Majengo

Kaka, sikulaumu hata kidogo. Wiki ile nilikuwa na foleni ya watu kibandani wanataka simu zisafishwe, wengine wamebeba na za baba zao. Mwenye watoto ana haki ya kuogopa na sitamwambia mtu yeyote ajitoe mhanga.

Ila tutenganishe mambo mawili. Kurekodi na kutunza si sawa na kusambaza. Mama wa karanga hakuhitaji kundi la WhatsApp. Alihitaji faili moja zima na mtu mmoja wa kumwamini. Nakala ikikaa kwenye memori kadi ndani ya pakiti ya unga nyumbani kwa shangazi yako Mpwapwa, haileti taharuki kwa mtu, na siku ikihitajika ipo.

Na kuhusu kwamba hakuna kinachotokea, nikukumbushe la jirani zetu Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012, kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Maelezo ya mwanzo yalikuwa yanagongana. Kilichobaki hakibadiliki ni picha za mwandishi mwenzake aliyekuwa pale: Mwangosi yuko chini, askari wamemzunguka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ilichukua karibu miaka minne, na wengi waliona haitoshi, hata mimi. Lakini bila zile picha tungekuwa tunasimuliana hadithi tu mpaka leo. Picha zilikuwa na mwenyewe, na hakuna aliyeziwekea muziki.

Afrika Kusini 2013, Mido Macia, dereva teksi kutoka Msumbiji, alifungwa nyuma ya gari la polisi akaburuzwa barabarani Daveyton, akafia mahabusu. Waliokuwa barabarani walirekodi. Polisi 8 walipewa miaka 15 kila mmoja. Hapo Nairobi, Juni 2025, Boniface Kariuki, kijana muuza barakoa, alipigwa risasi ya karibu mbele ya kamera na askari akafikishwa mahakamani kwa mauaji.

Na yule George Floyd wa Minneapolis, Marekani, 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya kupata tatizo la kiafya. Ingeishia hapo. Binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa anampeleka binamu yake mdogo dukani, akasimama, akarekodi mpaka mwisho. Dakika 9 na sekunde 29 za goti la askari juu ya shingo. Askari yule alipewa miaka 22 na nusu. Watu wanakumbuka video, mimi nakumbuka kwamba yule binti alirudi mwaka uliofuata akakaa mbele ya mahakama, akaulizwa maswali, akajibu huku analia.

Mstaafu wa Kizota

Nimesoma yote kimya. Nilivaa sare miaka 28, nimestaafu nikiwa sajini, nalima zabibu zangu sasa. Naomba mnisikilize bila matusi.

Kwanza, aliyempiga kijana aliyekwisha kukabidhi funguo hana utetezi kwangu. Tulifundishwa nguvu itumike ya kiasi cha kumdhibiti mtu, na mtu mwenye mikono kichwani ameshadhibitika. Pili, video za kukatwa zinatuumiza na sisi. Niliwahi kusambazwa nikimvuta mwanamke kwa nguvu stendi. Hamkuonyeshwa kwamba sekunde kumi kabla alikuwa na wembe, anamfuata mwenzake. Mke wangu aliacha kwenda sokoni wiki mbili. Kama yule aliyerekodi angeachia video nzima, ingenisafisha.

Tatu, nendeni na namba ya askari. Kila askari wa cheo cha chini ana namba yake ya jeshi, na ukilalamika kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) au RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) kwa barua yenye namba, tarehe na saa, barua hiyo ni ngumu kuitupa. Ukija na "afande mmoja mweusi mrefu", hatuna pa kuanzia. Ndani ya jeshi kuna mashtaka ya kijeshi, na watu hufukuzwa kazi, ila raia hawaambiwi. Hilo la kutoambiwa ni kosa letu.

Fundi wa Majengo

Mzee wangu, shikamoo. Nakushukuru kwa kusema hilo la stendi. Hata Marekani lilitokea. Mwaka 1991 Los Angeles, George Holliday alirekodi kutoka kwenye baraza lake polisi wakimpiga Rodney King. Televisheni zikarusha bila sekunde za mwanzo, ambazo King anaonekana akiinuka na kuelekea kwa askari. Kipigo kilichofuata hakina udhuru, mimi nimekitazama. Lakini mawakili wa utetezi walizishikilia sekunde zile, wakaichezesha video picha moja moja, na mwaka 1992 juri (raia wanaoamua kesi) halikumtia hatiani askari hata mmoja kati ya wanne. Mji ukaungua, zaidi ya watu 60 wakafa. Wawili walikuja kufungwa baadaye kwenye mahakama ya shirikisho. Sekunde ulizokata kwa kudhani hazina maana, adui wa haki anazitafuta kwa tochi.

Mama Wawili, Nkuhungu

Mimi nauliza lingine. Hivi yule anayepigwa, mnamuuliza? Mdogo wangu alirekodiwa akivutwa na askari nguo imepanda mpaka kiunoni. Anayerekodi alidhani anamsaidia. Leo ni mwaka wa tatu, bado watu wanamtumia video hiyo. Alihama Dodoma, yuko Manyoni.

Fundi wa Majengo

Dada, pole sana. Pole kweli. Sikuwa nimeligusa hili na nilipaswa.

Hapa sina maneno mengi. Faili zima libaki zima kwa ajili ya mahakama na kwa ajili yake mwenyewe akilihitaji. Lakini haliwekwi hadharani likiwa hivyo. Kama kuna ulazima wa kuonyesha, fanya nakala, ziba uso, ziba mwili, na nakala hiyo iwe ni nakala, asili isiguswe. Kazi hiyo nafanya bure kibandani kwa mtu yeyote mwenye video ya namna hii. Ninyi mliotumiwa ya mdogo wake, futeni.

Binti wa Kondoa

Swali la mwisho jamani. Wakisema nifungue simu nitoe paswedi? Na nikipeleka malalamiko nianzie wapi?

Wakili mchanga

Simu ikichukuliwa, omba kwa heshima hati inayoorodhesha kilichochukuliwa, na jina la aliyechukua. Usitoe simu barabarani bila karatasi kama unaweza kuepuka, ila using'ang'anie mpaka ukapigwa wewe. Funga simu kwa namba badala ya alama ya kidole, kidole mtu anaweza kukushika akakibonyeza.

Aliyeumia atibiwe kwanza. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) si lazima itoke kituo cha askari aliyempiga, nenda kituo kingine. Malalamiko: OCD, RPC, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Hailipishwi. Ila shauri likishafika mahakamani Tume hailigusi, kwa hiyo wahini. Tume ile nyingine ya Rais ya haki jinai, ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ilishasema kwenye ripoti ya Julai 2023 kwamba jeshi liwe huduma ya polisi, kwa maana watu wameshalalamika vya kutosha.

Kijana wa Bahi Road

Fundi, hujamaliza ya mama. Ikawaje?

Fundi wa Majengo

Tulirudi kituoni na faili zima. Mama alikubali kwenda, baada ya siku nne za kukataa. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Akaandika maelezo, yaani akasimulia, mpelelezi akaandika, akaweka dole gumba. Safari hii hakuna aliyeuliza mwizi alifanya nini kabla, maana kabla ilikuwa inaonekana. Jalada likafunguliwa. Askari mmoja hayupo tena pale kituoni, na sijui kupanga maneno zaidi ya hapo kwa sababu jambo halijaisha.

Simu ikachukuliwa kama kielelezo. Hilo hakuna aliyetuambia mapema na ndilo lililomuumiza. Simu ile ndiyo M-Pesa yake, ndiyo namba ya wanaomletea karanga kutoka Kibaigwa, ndiyo picha pekee ya marehemu mume wake. Picha nilizitoa kabla, namshukuru Mungu nilikumbuka. Simu hajarudishiwa. Bodaboda wa kijiwe kile walichanga, kila mtu elfu mbili mbili, mimi nikatoa kioo na betri, tukampa nyingine. Naomba mlikumbuke hili mnapomwambia mtu "rekodi": msimwache peke yake na gharama.

Kijana mkono umeunga, ila klachi hawezi kuishika muda mrefu, ganzi inamshika mpaka kwenye bega. Anaosha pikipiki za wenzake kwa sasa.

Mama hupita kibandani kila Jumatatu akienda kuchukua mzigo. Haombi kuitazama video, hajaitazama tangu siku ile. Ananiuliza tu, "Mwanangu, bado ipo?" Nawasha kompyuta, nafungua folda, namwonyesha jina la faili na ile tarehe. Analisoma namba moja moja kwa kidole mpaka mwisho, halafu anajitwisha ndoo yake anaondoka.